Boma la Ufukweni na Msafiri wa Peke Yake

Ngome ya kale, kwa jinsi inavyofahamika na wasomaji wengi wa Kiswahili, ni jengo la mawe linaloitazama bahari, lenye kuta nene, lango moja zito, mizinga iliyoshika kutu na karani wa tiketi mlangoni. Picha hiyo imetokana na Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati na ambayo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, na imekaziwa na Ngome Kongwe ya Unguja pamoja na Gereza la Kilwa Kisiwani. Msafiri wa peke yake, yaani yule anayetembea bila kundi, bila gari la kampuni na bila ratiba iliyopangwa na mtu mwingine, huridhika na majengo hayo kwa siku moja, kwa kuwa karibu kila anachohitaji kimekusanywa ndani ya ukuta mmoja na kuandikiwa maelezo. Anapofika Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa akiwa na matarajio hayohayo hukosa pa kuanzia, na mara nyingi huondoka na picha za ufukwe wa Matema akiamini kwamba upande huu wa nchi una mchanga, mchele na kakao, lakini hauna ngome wala historia ya ngome.

Imani hiyo si sahihi, na kosa si la msafiri pekee. Mwambao huu ulikuwa na ngome kwa muda wa kizazi kizima, tangu miaka ya 1880 hadi Vita vya Kwanza vya Dunia, ila ngome zake hazikuwa za aina inayojieleza kwa kuta. Hoja ya makala haya ni kwamba boma la ziwani, yaani kituo chenye askari, ghala na ofisi ya utawala, lilikuwa mtandao wa meli, njia, kodi na jasho la watu zaidi ya kuwa jengo. Kwamba kwa sababu hiyo siku ya msafiri katika eneo hili inapaswa kuufuata mtandao huo. Na kwamba wenye haki ya kwanza ya kuusimulia ni watu wa vijiji vya mwambao wenyewe, ambao wazee wao waliujenga, wakaulisha na kuubeba mabegani.

Jiografia ndiyo mlango wa kuingilia habari hii. Ziwa Nyasa lina urefu wa kilomita 580 hivi na kina kinachofikia takriban mita 700, na ncha yake ya kaskazini imebanwa kati ya maumbile mawili yasiyofanana hata kidogo. Upande wa mashariki inasimama Milima ya Livingstone, iliyopewa jina hilo na Frederic Elton, balozi mdogo wa Uingereza aliyepita hapa mwaka 1877, na milima hiyo inashuka hadi majini kwa mteremko mkali kiasi kwamba kuna sehemu ambako jabali na wimbi havijaacha hata nafasi ya njia ya miguu. Upande wa kaskazini na magharibi umetandaa uwanda wa Kyela, ambao umejengwa na udongo unaoletwa na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, ambao hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na ambao wakati wa masika hugeuka kuwa maji matupu kwa wiki kadhaa. Uwandani kulikuwa na migomba, ng'ombe na watu wengi, mambo ambayo Elton na baada yake Joseph Thomson, aliyefika mwaka 1879, waliyasifu bila kificho, hasa usafi wa nyumba na viwanja vya Wanyakyusa, wenyeji wa uwanda huo. Lakini maji ya huko ni ya kina kifupi na ufukwe wake hauna kinga dhidi ya upepo. Chini ya milima kulikuwa na ghuba zenye kina na utulivu, lakini nyuma yake palikuwa na ukuta wa mawe na ardhi ndogo ya kulima. Yeyote aliyetaka kuweka boma hapa alilazimika kuchagua kati ya chakula na bandari, na uchaguzi huo unaeleza mengi kuliko michoro ya wahandisi wa kijeshi.

Ngome za kwanza zinazojulikana vizuri katika kona hii ya ziwa hazikuwa za Wazungu. Zilikuwa za miti iliyopangwa safu na kukandikwa udongo, na wenye kuzijenga walikuwa wafanyabiashara Waswahili waliokuja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Maarufu kuliko wote alikuwa Mlozi, aliyejiimarisha Mpata, ng'ambo ya Mto Songwe karibu na Karonga, na ambaye mwaka 1887 alijitwalia usultani juu ya Wangonde, watu walio ndugu wa Wanyakyusa kwa lugha na kwa asili. Vita vilivyozuka kati yake na Kampuni ya Maziwa ya Afrika, kampuni ya Waskoti iliyokuwa na kituo chake Karonga, vilidumu miaka miwili ya kwanza bila mshindi. Frederick Lugard, ambaye baadaye alivuma Uganda na Nigeria, alijeruhiwa mwaka 1888 alipokuwa akiongoza shambulio dhidi ya mojawapo ya maboma hayo ya miti. Ni mwaka 1895 tu ambapo Harry Johnston, mwakilishi wa Uingereza, aliivunja ngome ya Mlozi kwa mizinga, na Mlozi akanyongwa mwezi Desemba mwaka huo.

Msomaji wa Kiswahili hana budi kuisoma sura hii bila kuikwepa. Lugha yake ilifika Nyasa kwa njia ileile iliyopitisha minyororo, na boma la miti la Mpata lilikuwa tawi la uchumi uliokuwa na shina lake Kilwa na Zanzibar. Simulizi la utalii linaloanza na Wajerumani na kuwaweka Waswahili kando kama wapita njia linawanyima watu wa mwambao nusu ya ukweli wao, na linamnyima msafiri kiungo kinachounganisha Gereza la Kilwa aliloliona wiki iliyopita na ufukwe anaoukanyaga leo.

Wajerumani walikuja wakiwa tayari wamekwisha kugawana eneo hili kwenye karatasi. Mkataba wa Heligoland na Zanzibar, uliotiwa sahihi na Uingereza na Ujerumani tarehe 1 Julai 1890, uliuweka mpaka kwenye ufukwe wa ziwa hadi mlango wa Mto Songwe, na maneno hayo machache ndiyo yanayotegemewa na Malawi hadi leo katika mzozo wake na Tanzania, ambayo kwa upande wake inashikilia kwamba mpaka upo katikati ya maji. Kwa hiyo boma lililojengwa ufukweni baada ya mwaka 1890 lilikuwa na kazi ya pekee: lilisimama penye ukingo kabisa wa himaya, likitazama maji ambayo wajenzi wake waliyahitaji kwa usafiri wa kila siku huku karatasi zao wenyewe zikiwa hazikuwapa.

Kituo hicho kiliitwa Langenburg, kwa heshima ya mtoto wa kifalme Hermann wa Hohenlohe-Langenburg, mmoja wa vinara wa harakati za ukoloni nchini Ujerumani. Kiliwekwa mwaka 1893 katika ghuba ya Lumbila, mashariki ya Matema, chini ya milima, mahali ambapo leo ni sehemu ya Wilaya ya Ludewa. Wamisionari walikuwa wamekwisha kutangulia: Jumuiya ya Berlin chini ya Alexander Merensky na Wamoraviani wa Herrnhut walifika Unyakyusa mwaka 1891, na mmoja wa Wamoraviani wanne wa kwanza, Georg Martin, alifariki mwaka huohuo kabla hawajaanzisha kituo chao cha Rungwe. Boma lilikuja baada ya kanisa, na sababu yake kubwa ilikuwa meli.

Meli hiyo, iliyopewa jina la Hermann von Wissmann, inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa maana bila hiyo Langenburg haieleweki. Fedha zake zilitokana kwa sehemu kubwa na bahati nasibu iliyochezeshwa Ujerumani kwa jina la kupambana na utumwa. Iliundwa Ulaya, ikafunguliwa vipande, ikapandishwa kwa Mto Zambezi na Mto Shire, na penye maporomoko ya Shire, ambapo mto haupitiki, vipande hivyo vikapita nchi kavu kwa nguvu za wapagazi, yaani wachukuzi wa mizigo wa kulipwa au wa kulazimishwa. Iliunganishwa tena Shire ya juu na kushushwa majini mwaka 1893, kisha ikaelekea kaskazini. Meli ya mvuke ya aina hiyo ilikula kuni kwa wingi, na kuni zinakatwa na watu, zinabebwa na watu, zinapangwa ufukweni na watu. Ilibeba askari, barua, kitambaa, chumvi na wamisionari, na ilihitaji ghuba yenye kina ya kulala, mafundi wa kuitengeneza na chakula cha mabaharia. Langenburg ilikuwa bandari kwanza na boma baadaye, na msafiri anayetafuta pale ngome ya kurushiana mizinga na adui atakuwa anatafuta kitu ambacho hakikuwa shabaha ya walioijenga.

Hali ya hewa ndiyo iliyokishinda kituo hicho. Malaria na homa ya mkojo mweusi, ambayo ni tatizo hatari la malaria linaloharibu chembe za damu, viliwapunguza Wazungu wake mmoja mmoja. Mtaalamu wa mimea Walter Goetze, aliyekuwa akikusanya mimea ya nyanda za juu kwa ajili ya makumbusho ya Berlin, alifia Langenburg mwezi Desemba 1899. Karibu na mwanzo wa karne ya 20 makao ya utawala yakahamishiwa juu milimani, mahali panapoitwa sasa Tukuyu, yakaitwa Langenburg Mpya, na boma la ufukweni likabaki na jina la Langenburg ya Kale. Uhai wake kama makao ya utawala haukufikia hata miaka kumi. Kwa kulinganisha, Ngome ya Yesu ilitumika kwa zaidi ya karne tatu kama ngome, kambi na gereza, na hiyo ndiyo sababu moja iliyofanya kuta zake zikarabatiwe kizazi baada ya kizazi huku za Lumbila zikiachiwa mvua na mizizi.

Hata hivyo, katika miaka hiyo michache boma lilibadilisha maisha ya watu wengi ambao hawakuwahi kulisogelea. Amri ya kodi ya nyumba, iliyotolewa kwa koloni zima mwaka 1897, iliweka rupia tatu kwa nyumba ya kijijini, na asiyekuwa na rupia aliweza kudaiwa mazao au kazi. Mwaka huohuo upinzani wa baadhi ya machifu wa Wanyakyusa ulizimwa kwa risasi. Tangu hapo mtu wa uwandani alijikuta akibeba mzigo wa serikali, akikata kuni za meli au akitafuta kibarua cha fedha, na njia zilizokuwa za ng'ombe na za biashara ya vyungu zikawa njia za kodi. Hii ndiyo maana ya kusema kwamba boma lilikuwa mtandao: jiwe lililowekwa Lumbila lilihisiwa Ipinda, Mwakaleli na Ipyana, na mtu anayetaka kuliona boma hilo kwa macho ya walioishi nalo hana budi kutembea maeneo hayo pia.

Vita vilithibitisha jambo hilo. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza iliyoitwa Guendolen, chini ya Kamanda Rhoades, iliikuta meli ya Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli, kusini zaidi kwenye mwambao huuhuu, ikaipiga kabla nahodha wake hajapata habari kwamba mataifa yao yalikuwa vitani. Kwa siku moja Wajerumani walipoteza ziwa. Kuanzia hapo mapigano yakawa ya nchi kavu: tarehe 9 Septemba 1914 majeshi yao yalivuka Songwe na kuishambulia Karonga, yakarudishwa nyuma, na mwishoni mwa Mei 1916 vikosi vya Waingereza chini ya Jenerali Northey vilivuka kutoka upande wa kusini, vikaifikia Ipyana na vituo vingine, na ndani ya siku chache vikaingia Langenburg Mpya. Risasi za askari hao, unga wao na majeruhi wao vilibebwa na wachukuzi ambao upande wa Nyasaland, kama Malawi ilivyoitwa wakati huo, walijulikana kwa jina la tengatenga, na ambao waliuawa na njaa, kuhara na uchovu zaidi ya risasi. Wanaume wa Kyela na milima ya jirani walichukuliwa na pande zote mbili, kulingana na nani aliyeshika nchi mwezi huo.

Boma ambalo msafiri anaweza kulifikia kwa urahisi na kuligusa kwa mkono lipo nyuma kidogo ya uwanda, Masoko, kando ya ziwa dogo la kreta, yaani ziwa lililojaa katika shimo la volkano iliyozimika. Hapo ndipo ilipokaa Kompania ya Tano ya jeshi la koloni la Ujerumani, kikosi ambacho kilikuwa na zamu ya kulinda mpaka wa Nyasa na ambacho kilipelekwa Karonga mwaka 1914. Majengo yake ya mawe hayakuangushwa. Baada ya vita yalitumiwa na Waingereza, na baadaye yakawa mahakama. Simulizi ya wenyeji kwamba Wajerumani walitupa sarafu zao ziwani walipokimbia inarudiwa na kila kijana anayeongoza wageni, na ni simulizi nzuri, lakini inasikitisha kwamba imemeza kila kitu kingine, hata mgeni huondoka akijua habari za heleri, yaani sarafu hizo, zilizozama na asijue aliyechonga hata jiwe moja la ukuta ulio mbele yake.

Siku ya msafiri wa peke yake, basi, ianzie wapi? Ni maoni ya makala haya kwamba iachwe ianzie sokoni. Barabara ya Kikusya, Ipinda hadi Matema, yenye urefu wa kilomita 39 hivi, imeondoa adha ya zamani ya kufika mwambaoni, na mtu aliyelala Kyela mjini anaweza kuwa Matema kabla jua halijapanda. Akifika siku ya Jumamosi atakuta, umbali mfupi kutoka ufukwe wa wageni, soko la vyungu la Lyulilo, ambako wanawake wa Kikisi hushusha mitumbwi iliyosheheni vyungu vilivyopangwa juu ya majani ili visigongane. Akitembea zaidi kufuata ufukwe kuelekea Ikombe, ambako wamisionari wa Berlin walikuwa na kituo tangu mwaka 1893, ataona vyungu hivyo vikitengenezwa. Mfinyanzi huweka bonge la udongo juu ya kigae cha chungu kilichovunjika, na kigae hicho anakizungusha kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ukiuvuta udongo juu, taratibu, hadi ukuta wa chungu unakuwa mwembamba kuliko inavyotarajiwa kwa kitu kitakachokaa juu ya moto wa kuni. Kisha hukikwangua, hukipaka udongo mwekundu, hukichora kwa udongo mweupe, na hukichoma pamoja na vingine katika moto wa wazi. Wakisi wana ardhi finyu kati ya mlima na maji, kwa hiyo tangu zamani wamebadilishana vyungu kwa chakula cha Wanyakyusa wa uwandani, na mitumbwi yao imeshona mwambao huu kutoka kijiji hadi kijiji.

Kwa nini soko la vyungu liwe mwanzo wa ziara ya ngome? Kwa sababu mtandao ambao Langenburg ilijipachika juu yake ulikuwa huu. Boma halikubuni njia za ziwa; lilizikuta zikiwa hai, likaweka bendera, daftari la kodi na meli juu yake, likaondoka, na njia zikaendelea. Mtu aliyekwisha kuona chungu kikibadilishwa kwa mchele ataelewa, bila kuelezwa na profesa, mahali ambapo chakula cha askari kilitoka na kwa nini utawala usio na mashamba uliweza kuishi chini ya jabali.

Lumbila yenyewe haimaliziki kwa siku moja, na ni vema ukweli huu usemwe mapema kwa wanaouza safari za haraka. Njia yake ni ya maji, kwa boti za vijiji au kwa meli inayotoka bandari za Kyela na kutia nanga katika vijiji vya chini ya milima. Msafiri wa peke yake hapa ana shida mbili ambazo kundi halina: hulazimika kukodi boti nzima kwa mfuko mmoja, na hana mwenzake wa kumwambia kwamba upepo wa kusi, ambao huvuma kwa nguvu kati ya Mei na Agosti, umeanza kuyainua mawimbi. Busara ni kuelewana bei kabla ya kupanda, kudai jaketi la kuokolea maisha, kuondoka alfajiri, na kupita kwanza ofisi ya serikali ya kijiji ili ajulikane ni nani na anarudi lini. Kwa upande mwingine anayo nafasi ambayo kundi la watu ishirini haliwezi kuipata, nayo ni kukaribishwa. Mgeni mmoja hupewa kigoda, huulizwa ametoka kwa nani, huwekewa ndizi na mbasa wa kuchoma, na mzee wa nyumba akiona kwamba mgeni hana haraka humweleza ya babu yake, iwe ni kodi, meli au vita. Historia ya boma hili imehifadhiwa zaidi katika mazungumzo ya namna hiyo kuliko katika mawe, na hayo ni mazungumzo yanayomhitaji mtu mwenye muda.

Sheria ya nchi, kwa bahati mbaya, imeziacha ngome hizi nje ya mlango. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo ndiyo msingi wa ulinzi wa magofu na majengo ya kihistoria Tanzania Bara, inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Gereza la Kilwa limo. Kila kitu kilichojengwa na Wajerumani, kuanzia Bagamoyo hadi Masoko, hakimo mpaka waziri mwenye dhamana akitangaze kimoja kimoja katika gazeti la serikali. Mstari huo wa mwaka ulieleweka wakati ulipowekwa, kwa kuwa taifa lililokuwa limepata uhuru miaka mitatu nyuma halikuwa na sababu ya kuharakisha kutunza ofisi za waliolitawala. Lakini miaka zaidi ya sitini imepita, na matokeo yake ni kwamba mawe ya boma yanaweza kuchukuliwa kwa ajili ya msingi wa nyumba au choo bila mtu yeyote kuvunja sheria, na hakuna wa kulaumiwa katika hilo, kwa sababu jiwe lililochongwa vizuri na lisilo na mwenyewe ni mali kwa mtu anayejenga.

Wapo wanaosema waziwazi kwamba hali hiyo ni sawa, kwamba boma la mkoloni ni kumbukumbu ya fedheha na heri lioze. Hoja yao ina uzito na haifai kudharauliwa. Kasoro yake ni kwamba inamwachia Mjerumani umiliki wa jengo ambalo hakulijenga kwa mikono yake. Mawe yalivunjwa na watu wa hapa, chokaa ilichomwa na watu wa hapa, na maji ya kukorogea udongo yalipandishwa kutoka ziwani vichwani mwa watu wa hapa. Kuliacha boma lipotee ni kukipoteza kielelezo kikubwa kilichobaki cha kazi yao. Wapo pia wenye maoni ya upande wa pili, wanaotaka magofu yakarabatiwe haraka, yapakwe rangi na kufanywa hoteli, kwa hoja kwamba utalii ni ajira. Hao nao wanahitaji kukumbushwa kwamba mgeni anayelala katika chumba cha afisa wa Kijerumani, akinywa kinywaji baridi mahali ambapo watu walipangishwa foleni kulipa rupia tatu, atakuwa amefundishwa uongo hata kama hakuna aliyefungua kinywa kumdanganya. Gofu libaki gofu, lisafishwe vichaka, lizuiwe lisianguke zaidi, na liwe na mtu wa kijiji anayelijua na anayelipwa kwa kulieleza.

Mfano wa kufuata hauko mbali. Karonga, mji mdogo wa ziwa hilihili upande wa Malawi, kusini ya mpaka wa Kasumulu, una jumba la makumbusho na utamaduni lililofunguliwa mwaka 2004, ambalo linaanza na mifupa ya dinosaria aliyechimbuliwa katika wilaya hiyo na kuendelea hadi biashara ya watumwa, ukoloni na siasa za uhuru, na lilijengwa kwa kushirikiana na jamii ya pale, bila kungoja mji mkuu. Makaburi ya askari wa vita vya 1914 yanatunzwa mjini humohumo. Mtu akisimama pale na kuvuka tena Songwe siku hiyohiyo, anaona wazi kwamba tofauti ya pande mbili za mto haiko katika wingi wa historia bali katika uamuzi wa watu kuiandika.

Halmashauri za wilaya na vijiji zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo tangu sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982, na hakuna kinachozuia kijiji kutangaza kwamba mawe ya boma hayachukuliwi, kwamba mgeni analipa ada kijijini na kupewa stakabadhi, na kwamba sehemu ya ada hiyo inaenda kwa shule ya msingi iliyo jirani. Shule hiyo inaweza kupewa kazi ambayo wizara haiwezi kuifanya kutoka Dodoma: wanafunzi wa darasa la sita na la saba waende nyumba kwa nyumba, kutoka Ipyana hadi Matema na katika vijiji vya Wakisi, wakiuliza kila familia jina la babu au babu wa babu aliyebeba mizigo ya vita, aliyekata kuni za meli au aliyejenga boma, na majina hayo yaandikwe kwa Kiswahili kwenye ubao mmoja, kwa mpangilio wa vijiji, yakisimikwa Masoko mahali ambapo hata mwenye shauri la mahakamani atayasoma anaposubiri kuitwa.